Fizio wa goti baada ya kudondoka na baiskeli, uzoefu wangu

Nilijiambia nikishapanda tena baiskeli bila goti kunisumbua ntaandika hii, na sasa napanda, kwa hiyo nawapa yote na hela nilizotumia ili mwenye shida kama yangu ajue pa kuanzia.

Ilikua mwezi wa nne, masika yenyewe, tumetoka Mbezi Beach alfajiri tunaelekea Bagamoyo. Tumeshaipita Bunju, mvua ya usiku ilikua imesomba mchanga ikaumwaga pembeni ya lami, mi nikasogea kulipisha lori, tairi la mbele likateleza nikaenda chini upande wa kulia. Sikugongwa, namshukuru Mungu. Kiwiko kilichubuka, helmeti ikapata ufa (hiyo niliitupa, helmeti iliyogonga chini usiivae tena hata kama kwa nje unaiona nzima) na goti likaanza kujaa kabla sijafika nyumbani. Eksirei ikaonyesha mifupa iko salama, daktari akasema ligamenti (kamba inayoshikilia mifupa ya goti) ya upande wa ndani imevutika kidogo, nipumzike, niweke barafu, alafu nianze kutembea taratibu.

Katika maneno yote hayo mi nikashika moja tu, nipumzike. Wiki tatu mguu juu ya mto, bandeji imekazwa mpaka inaacha alama, alafu siku niliyojiona nimepona nikatoka nikapiga kilomita 20 moja kwa moja. Jioni goti limejaa upya, ngazi nashuka mguu mmoja mmoja nimeshika ukuta. Nililia aisee. Tangu mama afariki hiyo safari ya baiskeli ya Jumamosi ndio inanitoa kitandani, nikaona na yenyewe naipoteza.

Nikaanza kutafuta fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Sehemu ya kwanza niliyoenda siitaji jina, ila nilienda mara nne, elfu 40 kila nikienda, nalazwa kitandani nawekewa zile pedi za mashine ya umeme dakika 20, nakandwa kidogo na mafuta, haya kwaheri tuonane Alhamisi. Ukitoka pale unajiskia vizuri kweli, kesho yake goti liko vilevile. Katika mara zote nne hakuna aliyeniambia simama nikuone unavyotembea, na hilo linaniuma kuliko ile laki na elfu 60.

Ya pili nilielekezwa na mwenzangu tunayeendesha nae, chumba kidogo tu maeneo ya Mwenge, ghorofa ya kwanza, vitanda viwili na kioo kirefu ukutani. Kijana alinipokea, akaniuliza kazi yangu, siti ya baiskeli iko juu kiasi gani, nalala upande gani, alafu akasema dada hebu tutoke nje ushuke ngazi nikuangalie. Nikashuka. Akaniambia panda, nikapanda. Baadae akachukua futi kama ya fundi cherehani, akaweka alama ya peni kwenye mapaja yote mawili, juu ya goti kwa urefu uleule, akapima. Paja la kulia lilikua limepungua sentimita 2. Akanionyesha namba kwenye futi akasema, "Goti lako dada halina tatizo kubwa, msuli unaolishika ndio umelala." Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini bandeji ilikua hainisaidii kitu.

Mazoezi yenyewe ukiyaona utasema haya ndio nimelipia? Unakaa chini umenyoosha miguu, unaviringisha taulo unaliweka chini ya goti, unalibana taulo kwenda chini huku unahesabu mpaka 5, unaachia, mara 10, raundi 3. Kulala chali na kuinua mguu ulionyooka. Kukaa nusu ukiwa umeegemea ukuta. Wiki ya tatu akaleta kupanda na kushuka kwa mguu mmoja, nyumbani sina kile kiboksi chao nikageuza kreti la soda juu chini, na hapo kwenye kushuka ndio kazi ilipo, unashuka polepole kisigino kiguse sakafu tu, goti lisikimbilie ndani. Kwenye kioo nilikua naliona linavyotetemeka.

Ila kitu nilichokipenda zaidi ni daftari. Alinipa sheria moja, maumivu niyape namba kuanzia 0 mpaka 10, wakati wa zoezi yasizidi 3, alafu asubuhi inayofuata kabla sijafanya chochote niandike namba nyingine. Namba ya asubuhi ikiwa imerudi ilipokua jana yake basi naongeza kidogo, ikipanda napunguza, siachi. Yaani mi siku zote nilikua nalipima goti palepale nikiwa bado nina moto wa mazoezi, ndio maana zile kilomita 20 niliziona nyepesi. Kumbe jibu la goti linakuja kesho.

Wiki ya nne akaniambia nije na baiskeli. Akanishika, kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu ulitakiwa unyooke, wangu ulikua umekunjika. Siti ilikua chini miaka yote hiyo! Tukaipandisha kama upana wa vidole viwili, na kuanzia hapo gia nyepesi, miguu izunguke haraka haraka kuliko kukandamiza gia nzito. Dakika 15 barabara tambarare, baadae 25, mlima hakuna mpaka atakaposema.

Kasoro zipo. Anajaza watu, nimewahi kusubiri saa nzima na miadi ninayo, na hapo hakuna pa kukaa zaidi ya benchi la kwenye korido. Bima yangu haikulipa, nimetoa elfu 30 kwa kila mara, nimeenda mara saba, jumla laki 2 na elfu 10, sio hela ndogo. Na ukiwa mvivu wa kufanya nyumbani usiende kabisa maana pale unafundishwa na kusahihishwa tu, msuli unaujenga mwenyewe sebuleni kwako. Alafu kama goti linakwama halikunjuki, au linakuachia ghafla ukiwa unatembea, rudi kwa daktari kwanza, fizio mwenyewe aliniuliza hayo kabla hajanigusa.

Ngazi za kufika kwake mara ya kwanza nilizilaumu sana, mtu wa magoti unamwekaje ghorofani, sasa naona zilikua kipimo kizuri kuliko mashine zote nilizowekewa kule. Mara ya mwisho alipima tena mapaja, tofauti imebaki nusu sentimita, kreti naendelea nalo Jumatatu na Alhamisi.

Jumamosi iliyopita nimefika Mapinga na kurudi, na pale Bunju penye mchanga nilishuka nikasukuma baiskeli kama hatua 30 hivi. Jumapili asubuhi nikashuka ngazi za nyumbani bila kushika ukuta, nikafungua daftari nikaandika 1.