Bima kubwa ya biashara kwa teksi mtandao Dar es Salaam: uzoefu wangu

Ninaendesha teksi mtandao jijini Dar es Salaam kwa gari langu mwenyewe, Toyota IST, na bima ninayoizungumzia hapa ni bima kubwa ya biashara, yaani ile inayolipia hata uharibifu wa gari lako mwenyewe, niliyoikata kwa kampuni moja ya hapa nchini kupitia wakala. Kwa jumla nimeridhika nayo, isipokuwa kwa jambo moja nitakalolieleza mbele.

Madereva wengi hukata bima ndogo ya gari binafsi kwa sababu ni nafuu, kwa kawaida shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, na mwenye stika ya bima hiyo hupita kwa trafiki bila maswali. Kasoro yake hujitokeza siku ya ajali. Bima ndogo humlipa mtu mwingine uliyemdhuru, wala haitengenezi gari lako. Tena ikiwa hati imeandikwa matumizi binafsi, kampuni hupata sababu ya kukataa madai pindi inapobaini kwamba uliyembeba alikuwa analipa nauli. Kwa hiyo, gari lilipobadilishwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kutoka binafsi kwenda biashara, namba ya njano ikawa nyeupe, nilimtaka wakala aandike matumizi hayohayo kwenye bima. Alijaribu kunishawishi nibaki na ya binafsi, eti hakuna anayesoma maandishi yale, nami nikakataa. Ada ilipanda, kwa kuwa gari la biashara hutozwa kiwango cha juu na viti vya abiria navyo huhesabiwa.

Wakala huyohuyo alipendekeza pia tuishushe thamani ya gari ili ada ipungue. Ushauri wa namna hii ni wa hatari kuliko unavyosikika. Gari la shilingi milioni 12 likikatiwa bima ya milioni 8, kampuni inaweza kukuhesabu kuwa umejibebea theluthi moja ya hasara wewe mwenyewe, hivyo uharibifu wa milioni 3 ukalipwa milioni 2 tu, kabla hata ya kuondoa kile kiasi ambacho mteja huchangia katika kila dai. Tuliandika thamani halisi ya sokoni. Stika siku hizi ni ya kidijitali na taarifa zake huingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa hiyo nilizihakiki mwenyewe kwa namba ya gari siku hiyohiyo.

Baadaye kirikuu, pikapu ndogo ya mizigo, kilinigonga ubavuni karibu na taa za barabarani za Morocco, Kinondoni, nikiwa na abiria, kisha kikakimbia. Abiria hakuumia, angeumia, ingebidi nimchukulie PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituoni. Niliwasilisha taarifa ya polisi, ripoti ya ukaguzi wa gari, leseni, kadi ya gari na picha za eneo la ajali. Swali la kwanza la mkadiria hasara lilikuwa kama nilikuwa na abiria wa kulipa, nami nikamjibu ndiyo bila wasiwasi wowote, kwa sababu hati ilikuwa inasema hivyo. Gereji ililipwa moja kwa moja na kampuni, mimi nikatoa mchango wangu uliotajwa kwenye mkataba, na kazi ya rangi ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia.

Lile jambo moja ni kipato. Muda wote gari likiwa gereji, bima hii haikunilipa hata senti ya siku nilizokosa kazi, na kwa dereva anayempelekea bosi mwenye gari hesabu ya wiki hali huwa mbaya zaidi, maana si kila bosi anaelewa habari za gereji. Sehemu kubwa ya muda huo ilipotea tukisubiri kampuni iidhinishe makadirio, wala si kwa fundi. Ningekuwa nimekataliwa madai, ningeyapeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, lakini ucheleweshaji wa kawaida kama huu niliuvumilia tu. Mkataba nitauhuisha kwa kampuni hiyohiyo, ila kwa wakala mwingine.