Uzoefu wangu: jinsi tulivyoandaliwa safari binafsi ya Hifadhi ya Taifa Nyerere tukitokea Lindi

Huduma ninayoieleza hapa ni safari binafsi ya kutazama wanyamapori katika Hifadhi ya Taifa Nyerere, ambayo familia yetu iliandaliwa na kampuni ndogo ya utalii mwishoni mwa Juni, watoto wakiwa likizo. Nitazungumzia zaidi yaliyofanyika kabla hatujaondoka Lindi, kwa sababu tangu turudi nimeamini kwamba sehemu kubwa ya thamani ya fedha tuliyolipa ilikuwa katika maandalizi, na mtu anayepanga safari ya namna hii anastahili kujua mapema adai nini.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2019 kwa kumega sehemu ya Pori la Akiba Selous. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 30,893, na sehemu yake imo ndani ya mkoa wetu, upande wa Liwale. Hata hivyo, utalii wa picha, yaani wa kutazama wanyama bila kuwinda, umejikita zaidi upande wa kaskazini, kandokando ya Mto Rufiji na maziwa yake, kwa hiyo sisi wa Lindi hulazimika kupanda na barabara kuu kupitia Nangurukuru na Somanga, kuvuka Daraja la Mkapa, kufika Kibiti, kisha kukata kushoto kwa barabara ya vumbi hadi Mloka na lango la Mtemere. Kujiunga na kundi la watalii wengine kungekuwa nafuu, lakini tulikuwa na mtoto wa miaka minne na mama mkwe wangu aliyekwisha kuvuka miaka 70, na hao wawili hawawezi kufuata mwendo wa watu wasiowafahamu.

Mwongozaji alikuja nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari. Alimwamkia mama mkwe, akakaribishwa chai, na kabla ya kutaja bei yoyote alimuuliza kila mmoja wetu anataka kuona nini, huamka saa ngapi, anatumia dawa gani, na kama yupo anayeogopa maji, kwa kuwa kutembea kwa boti mtoni ni sehemu muhimu ya ziara ya huko. Binti yangu mkubwa alijibu mara moja kwamba anataka mbwa mwitu. Mwongozaji akamweleza kwamba hifadhi hii ni miongoni mwa maeneo muhimu zaidi barani Afrika kwa mnyama huyo, kwamba katikati ya mwaka makundi hulea watoto pangoni na hivyo hayahami mbali, na kwamba huwinda zaidi alfajiri na jioni. Anayewataka, basi, akubali kuwa ndani ya gari jua linapochomoza. Hakumpa ahadi. Alimwambia, "Nitakutafutia kwa bidii zangu zote, mwanangu, lakini siwezi kukuuzia mnyama ambaye yuko huru kwenda anakotaka." Nilimwamini kuanzia hapo.

Mama mkwe ana shamba Liwale, na kwake tembo ni mnyama anayekuja usiku kumaliza mahindi na mihogo. Alimuuliza bila kuzunguka kwa nini atumie fedha kwenda kumtazama anayemtia njaa. Kijana yule hakucheka wala hakuanza kuhubiri. Alimuuliza, "Bibi, huko kwenu hupitia upande gani, na huja zaidi miezi ipi?" Bibi akaeleza kwa kirefu, akionyesha kwa kidole juu ya meza lilipo korongo, lilipo shamba lake na lilipo la jirani. Ndipo mwongozaji akatoa ramani, akatuonyesha kwamba tembo wa pori hili tangu zamani wana mapito yanayoteremka kusini kupitia Liwale, Nachingwea na Masasi kuelekea Mto Ruvuma, na kwamba mashamba mengi yamefunguliwa juu ya mapito hayo. Akaongeza jambo ambalo Bibi hakulitarajia: katikati ya miaka ya 1970 mfumo wa ikolojia wa Selous ulikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000, lakini sensa ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000 tu, kwa sababu ya ujangili wa meno. Wakazungumzia kifuta jasho anacholipwa mkulima aliyeharibiwa mazao, umuhimu wa kutoa taarifa mapema kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki pembezoni mwa shamba. Mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko jambo jingine lolote jioni ile, na mwisho wake Bibi alisema atakwenda, kwa sharti kwamba ataonyeshwa tembo wakiwa na watoto wao mchana kweupe. Nimewahi kuongozwa na watu waliokariri majina ya wanyama na uzito wao. Huyu alijua pia habari za watu wanaoishi na wanyama hao, na kwa sisi wa kusini hilo lina uzito mkubwa.

Kuhusu gharama, nina neno la kulalamika. Makadirio ya kwanza yaliletwa kama jumla moja, na ilinibidi niombe mchanganuo. Walipouleta ulikuwa wazi: viingilio vya hifadhi, malazi, gari na mafuta, boti, askari wa kutembea naye kwa miguu, na ujira wa mwongozaji, kila kimoja na mstari wake. Mteja asilazimike kuuomba. Viingilio hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, raia hulipa kiwango cha chini sana kuliko mgeni akionyesha kitambulisho, na mtoto wa chini ya miaka 5 halipi. Kilichonisaidia zaidi ni maelezo kwamba kibali huhesabiwa kwa saa 24 na kwa kuingia mara moja. Ukilala nje ya lango, pale Mloka, malazi ni nafuu, lakini ukitoka jioni na kurudi asubuhi unalipa upya. Ukilala ndani na kuingia mchana, kibali kilekile kinakupa jioni moja na asubuhi moja, yaani nyakati ambazo wanyama wanaonekana vizuri. Tulipiga hesabu zote mbili mezani na tukachagua kulala ndani. Niliomba pia kuona leseni ya kampuni ya biashara ya utalii, ile ya TALA, nikaonyeshwa bila mizengwe.

Siku chache kabla ya kuondoka mwongozaji alirudi kukagua mizigo, jambo ambalo sikujua kama lipo katika huduma za namna hii. Alitoa sweta la shule la mwanangu, la buluu iliyokoza, akaliweka kando, kisha fulana yangu nyeusi ikafuata. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Dawa ya kupaka ya mbu haiwasumbui sana, kwa hiyo kinga ya kuaminika ni nguo nene kiasi, za mikono mirefu, zenye rangi ya udongo au majani makavu. Alitushauri tuchukue sweta nyingine kwa ajili ya baridi ya alfajiri ndani ya gari lililofunguliwa paa, na akina mama tubebe khanga, ambazo kweli zilitufaa kwa vumbi, kwa jua na kwa kumfunika mtoto aliyelala. Mifuko ya plastiki ya kubebea tuliiacha, kwa kuwa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kisha alitupeleka ufukweni na darubini mbili. Alitueleza maana ya maandishi 8x42 yaliyo juu yake, kwamba namba ya kwanza ni mara ambazo kitu huletwa karibu na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na kwamba darubini inayokuza zaidi ya hapo hutikisika mno mkononi mwa mtu asiyezoea. Tukafanya mazoezi ya kutazama mashua zinazovuka kwenda Kitunda: unakaza macho kwenye kitu, huyaondoi, unainua darubini hadi ikutane na macho yako. Mwanzoni watoto waliona mbingu tu. Kabla ya magharibi walikuwa wakisoma maandishi ubavuni mwa mashua. Zoezi hilo lililipa mtoni, kwani tulipokuwa kwenye boti, viboko wakiwa wamejazana maji ya kina kifupi na kwazi, yule tai mla samaki, akiwa juu ya mvumo uliokauka, hakuna aliyeuliza "yuko wapi?" huku ndege akiruka.

Mengine aliyapitia kwa ufupi na kwa heshima. Dawa za shinikizo la damu za Bibi zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la nyuma. Chandarua na tahadhari ya malaria ni lazima. Mtandao wa simu hupotea sehemu nyingi, kwa hiyo waliobaki nyumbani waambiwe mapema. Kuchimba dawa ni mahali atakaposema yeye peke yake, baada ya kukagua vichaka, na hakuna kushuka garini kwa sababu nyingine yoyote. Watoto wasingeruhusiwa matembezi ya miguu, hivyo mume wangu alibaki nao kambini nami nikaenda.

Mbwa mwitu tuliwaona asubuhi, wamelala kivulini, matumbo yamejaa. Bibi aliwaona tembo wake mchana kweupe, na maswali aliyokuwa nayo kuhusu jinsi majike wanavyoongoza familia aliyauliza yote, akajibiwa yote.

Ningependa kampuni irekebishe mambo mawili. Orodha ya mizigo na masharti ilitumwa kwa ujumbe mrefu wa sauti, ambao ni vigumu kuurudia mtu akiwa anafunga begi, iandikwe. Pili, waseme wazi kwamba safari ya kutoka Lindi hadi Mloka ni ya kutwa nzima, kwa sababu ratiba yao ilionekana kama vile tungefika na nafasi ya kupumzika, na mtu mzima huchoka. Anayetokea Masasi au Nachingwea aombe usiku mmoja wa kulala Lindi au Nangurukuru uingizwe kwenye mpango tangu mwanzo, na aombe bei yake ionekane kwenye mchanganuo.