Opus ya Ryuichi Sakamoto: kama unacheza kibodi hapa Kisumu, iskize hii

Niseme mapema ndio asiye na wakati wa kusoma yote aende na hii: Opus ni albamu kali zaidi ya piano nimewahi kuskiza tangu nianze kucheza kibodi, na kama wewe ni mtu wa kibodi huku, iwe ya kanisani, ya ohangla (ile ngoma ya Waluo) ama unapika biti kwa kompyuta, hii kitu ni yako kuliko unavyodhani. Ziko mbili. Kuna filamu, na kuna albamu ya sauti peke yake ilitoka Agosti 2024, lakini rekodi ni ile ile. Mimi nilianza na filamu ndio nikaenda kwa albamu, na nitaeleza mbona nakushauri ufuate njia hiyo hiyo.

Kwa wenye hawamjui, Sakamoto ni Mjapani, alizaliwa Tokyo 1952, akasomea utunzi wa muziki chuoni, ule muziki wa kina Bach na Debussy, na akiwa huko huko akaanza kupekua muziki wa makabila ya dunia na kucheza na sinthesaiza, zile kibodi za kutengeneza sauti kwa umeme. 1978 yeye na Haruomi Hosono na Yukihiro Takahashi wakaanzisha Yellow Magic Orchestra, bendi ya pop ya mashine, na ngoma zao zikachezwa disko mpaka nje ya Japani. 1980 akatoa ngoma inaitwa Riot in Lagos, ndio, Lagos hii ya Nigeria, na ukiiweka leo kwa spika utadhani imetoka studio juzi. 1983 akaigiza kwa filamu ya Merry Christmas Mr. Lawrence na mwimbaji David Bowie, muziki wa hiyo filamu akatunga yeye mwenyewe. 1988 akachukua Oscar ya muziki wa filamu ya The Last Emperor pamoja na David Byrne na Cong Su. 1992 akatunga muziki wa ufunguzi wa Olimpiki ya Barcelona, na ile Nokia 8800 ya watu wa pesa, milio yake pia ni yeye alitunga. Alishafika hadi Ziwa Turkana hapa kwetu. Huyo ni mtu mmoja jamani.

Hapo ndio nataka nikae kidogo, kwa sababu huku kwetu kila mtu wa kibodi ameshaambiwa mshika mbili moja humponyoka. Mwalimu wa kwaya aliyenifunza solfa, mzee namheshimu sana, aliwahi kuniita kando baada ya ibada akaniambia, "Kijana wangu, hivyo vidole vya harusi vitakuharibia vya kanisani. Chagua kimoja." Nikamjibu tu, "Sawa, mwalimu," ningesema nini. Ukienda mtaa wa Kondele kwa prodyuza unaambiwa mkono wako una kanisa nyingi, ukienda kwa bendi ya ohangla unaambiwa wewe umezoea mambo ya nota, cheza kama umeamka. Kila upande unakuona umetoka upande ule mwingine. Sasa Opus ni mtu wa miaka 70 ameketi mbele ya piano moja na kupiga vitu vyote alivyowahi kufanya, disko, filamu, mambo ya mashine, vitu vya kimya kabisa, na ukiskiza unagundua kumbe vidole vilikuwa ni vile vile siku zote.

Mazingira ya rekodi lazima uyajue. Ilirekodiwa Septemba 2022 Tokyo, kwa studio ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, inaitwa 509, akiwa mgonjwa wa kansa, na nguvu za kupiga tamasha nzima mara moja hakuwa nazo tena, kwa hivyo alikuwa anapiga nyimbo chache kwa siku hadi zikafika 20. Mpangilio alichagua mwenyewe. Aliyeongoza filamu ni mwanawe, Neo Sora, na picha ni nyeusi na nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Hakuna watu wa kupiga makofi, hakuna mtangazaji, hakuna mtu wa kukueleza chochote. Sakamoto alifariki tarehe 28 Machi 2023 kabla filamu haijatoka.

Sababu ya kuanza na filamu ni mikono. Kamera inakaa karibu sana, unaona vile anabonyeza kisha anangoja, anaacha noti ife yenyewe kabla ya kuweka ingine, na mguu kwa pedali unausikia, pumzi yake unaisikia. Sisi wa kibodi tumezoea kujaza, mchungaji akinyamaza tu tunajaza, mwimbaji akivuta pumzi tunajaza, hatuachi nafasi hata kidogo. Baada ya hii filamu niliona aibu na zile nakshi zangu zote, na Jumapili iliyofuata nilicheza noti chache sana na hakuna mtu aliuliza zingine zimeenda wapi.

Kuna mahali kwa wimbo wa Bibo no Aozora anajikwaa, anasimama, anarudia kipande, na wameacha hivyo hivyo bila kukata. Pale nilisimamisha filamu nikatoka nje kidogo. Unaona mtu wa Oscar anatafuta noti na mwili unakataa, na bado anaitafuta mpaka anaipata.

Lakini moyo wa hii kazi kwangu ni Tong Poo. Tafuta kwanza ile ya 1978 ya Yellow Magic Orchestra, ina dramu, besi ya mashine, kasi ya kutosha, ni ngoma ya disko kabisa. Halafu weka ya Opus. Ni wimbo ule ule lakini ameupunguza kasi mpaka kila kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inasimama peke yake, na hapo ndio unaona ule mpangilio wa kodi ulikuwa wa mtu aliyesoma muziki wa zamani wa Ulaya, ulikuwa umejificha chini ya dramu zaidi ya miaka 40. Happy End pia ni ya enzi ya hiyo bendi, nayo imebadilika vivyo hivyo. Kwa nyinyi wa biti kuna Trioon, ambayo mwanzo alifanya na Mjerumani anaitwa Alva Noto, yule jamaa anaweka milio midogo midogo ya kompyuta kuzunguka piano. Kwa Opus milio yote imetolewa na bado ile nafasi ya milio imebaki pale, unaisikia.

Halafu kuna ile inaitwa 20180219. Hapo kuna vidude vimewekwa kwa nyuzi ndani ya piano ndio sauti ibadilike, noti zingine zinalia kama chuma, na mimi mara moja nikaskia mchezaji wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na ile pete ya oduong'o kwa kidole cha mguu inagonga mbao huku nyuzi zinaendelea. Nilirudia hiyo sana.

Mahali sijapenda ni mwanzo. Nyimbo sita saba za kwanza zote ni za mwendo wa polepole na zinakaribiana, mtu mgeni anaweza toka kabla mambo hayajafunguka, na filamu ni dakika 103. Pia kutoeleza chochote kunaumiza mtu asiyejua historia, kwa mfano wimbo wa BB ni wa kumkumbuka Bernardo Bertolucci, yule mwelekezi wa The Last Emperor, lakini hutaambiwa popote, na ukijua inakugusa tofauti kabisa.

Jambo lingine, usiskize hii kwa spika ya simu, na ile spika ya bluetooth ya kusukuma besi pia usiitumie, inameza mkono wa kushoto wote. Tafuta hedifoni nzuri za kufunika maskio, na usingoje saa za jioni mvua ya Kisumu ikianza kupiga mabati kwa sababu hutaskia kitu. Usiku wa manane ama alfajiri ndio poa. Filamu inakula bando vibaya sana, bora utafute mahali pa waifai, albamu nayo ni nyepesi na iko Spotify na Apple Music.

Kama unataka kitu cha harusi ama cha matatu, hii achana nayo, haitakusaidia. Kama unafunza watoto piano hapa mjini, wawekee Merry Christmas Mr. Lawrence kutoka hii albamu, karibu kila mtoto ataishika sauti ya juu haraka na kuiandika kwa solfa, kisha waambie huyu mzee ndiye alipiga disko ya 1978 na uwaskizishe zote mbili siku hiyo hiyo.

Nyota tano kwa albamu, nne na nusu kwa filamu.