Uzoefu wangu na PHP katika kupokea faili: inapokea vizuri, ila ikikataa haisemi

Kwa miaka kadhaa nimepokea faili kwa njia ya PHP yenyewe (lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva), bila fremuweki wala kifurushi cha ziada, kwenye mfumo wa maombi ya masomo. Mwombaji anajaza fomu, anaambatisha picha yake na vyeti, anatuma. Naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya jioni moja, na nianze nayo.

Mwombaji alipiga simu akilalamika kwamba ameijaza fomu mara tatu, na kila akibonyeza kitufe cha kutuma anaambiwa hajaandika jina. Nikajaribu mwenyewe, fomu ikapita. Nikamwomba arudie, ikagoma. Kusema kweli nilidhani yeye ndiye anayekosea. PHP huweka yaliyojazwa kwenye fomu katika safu iitwayo $_POST, na faili katika $_FILES. Nikaweka var_dump, yaani amri ya kuonyesha yaliyomo, ya $_POST juu kabisa ya skripti, nikamwomba atume tena. Safu tupu. Jina hakuna, namba ya simu hakuna, na $_FILES nayo haina kitu. Ombi limefika, ndani halina hata herufi.

Jibu lilikuwa limekaa kwenye logi ya seva: ombi lina baiti 11,406,732, kikomo ni baiti 8,388,608. Vyeti alivyoskani kwa rangi vilifika karibu megabaiti 11, na post_max_size, kikomo cha ombi zima, usipoigusa, ni 8M, yaani megabaiti 8. Ombi likizidi hapo, PHP hutupa data yote ya fomu, huandika onyo kwenye logi, kisha huendesha skripti yako kana kwamba hakuna lililotokea. Ukaguzi wangu ukakuta jina halipo, ukamlaumu mwombaji kuhusu jina. Siku hizi skripti yangu huanza kwa swali moja: kama ombi ni POST, $_POST na $_FILES zote tupu, lakini CONTENT_LENGTH, yaani ukubwa wa ombi lililotumwa, ni kubwa kuliko sifuri, basi mtu anaambiwa ukweli kwamba faili zake ni nzito mno. Mistari minne tu, na simu za aina ile zimekoma.

Kikomo cha faili moja moja, upload_max_filesize, kina ustaarabu zaidi. Cha asili ni 2M, na picha nyingi za simu za sasa zinakizidi, lakini ukizidisha hapo fomu inafika salama na faili husika inakuja na namba ya kosa, 1. Namba 3 maana yake faili imefika nusu. Ukiwa na watumiaji ambao mtandao wao unakatikakatika utaizoea. Namba 4 ni mtu ambaye hakuchagua faili, kwa hiyo kwenye sehemu isiyo ya lazima usiihesabu kuwa kosa. Namba 5 haipo. Orodha inaruka kutoka 4 hadi 6, na mimi niliwahi kuitafuta kwenye mwongozo nikiamini macho yangu ndiyo mabovu.

Usijaribu kubadilisha vikomo hivi kwa ini_set, fanksheni ya kubadilisha mipangilio, ndani ya skripti. Skripti inapoanza, faili zimeshapokelewa au zimeshatupwa. Viweke kwenye php.ini, faili ya mipangilio ya PHP, au kwenye .user.ini ya folda yako kama seva si yako peke yako, halafu uwe na subira, kwa sababu PHP huisoma upya .user.ini kila baada ya sekunde 300. Mimi sikulijua hilo. Niliandika 16M, nikaupakia ukurasa upya, wapi. Nikaandika 32M, wapi. Iliyokuja kukubali ni 64M niliyoiandika kwa hasira, na kwa muda nikawa nawaambia watu kwamba namba ndogo hazifanyi kazi. Na kama mbele ya PHP kuna Nginx, seva ya wavuti inayopokea maombi kwanza, yenyewe ina kikomo chake cha megabaiti 1. Ukiona kosa namba 413, la ombi kubwa mno, usihangaike na PHP. Haijaambiwa chochote bado.

Sasa nisifu panapostahili. Kiini cha utaratibu huu ni chepesi na kimefikiriwa vizuri. Faili inashukia kwenye folda ya muda ikiwa na jina la kubahatisha, unaikagua, ukiridhika unaihamisha kwa move_uploaded_file. Usipoihamisha, inafutwa yenyewe ombi linapokwisha, kwa hiyo takataka hazirundikani. Na fanksheni hiyo haihamishi faili yoyote tu. Inahakikisha kwanza kwamba kweli imekuja kwa kupakiwa, ili mtu asikudanganye ukamhamishia faili ya siri ya seva.

Ila haikuulizi kama mahali unapoihamishia pana faili nyingine yenye jina hilohilo. Inafunika tu. Mwanzoni nilikuwa nikihifadhi kwa jina ambalo mwombaji mwenyewe ameipa faili, na unaweza kukisia ni wangapi wanaoita faili yao cheti.pdf. Tuligundua siku afisa alipofungua maombi ya binti mmoja akakuta cheti cha kijana wasiyefanana hata herufi ya kwanza ya jina. Sasa jina la kwenye diski natengeneza mwenyewe kwa random_bytes, fanksheni ya kutoa baiti za kubahatisha, na jina la asili linakaa kwenye hifadhidata kwa ajili ya kuonyeshwa tu.

Aina ya faili nayo, ile inayokuja ndani ya $_FILES, ni maneno ya kivinjari, na PHP haiyahakiki. Nilituma kwa curl, programu ya kutuma maombi bila kivinjari, skripti ya PHP iliyojitambulisha kuwa image/jpeg kwenye nakala ya mfumo iliyokuwa kwenye kompyuta yangu, nikafungua anwani yake, ikaendeshwa. Nilikaa kimya kidogo. Tangu hapo natumia finfo, zana ya PHP ya kutambua aina ya faili, ambayo inasoma yaliyomo: JPEG huanza na baiti FF D8 FF, PDF huanza na %PDF. Hiyo pia inadanganyika, maana faili inaweza kuwa picha kichwani na msimbo mkiani, kwa hiyo kiendelezi (.jpg au .pdf mwishoni mwa jina) nakiweka mimi kutoka kwenye orodha fupi, na folda ya kuhifadhia iko nje kabisa ya ile inayofikiwa na kivinjari. Anayetaka kuona cheti anapitia skripti inayouliza kwanza yeye ni nani.

Picha nazichora upya kwa GD, maktaba ya picha ya PHP, na hapo kuna mitego miwili. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa na megabaiti 3 kwenye diski, lakini ikifunguliwa kwenye kumbukumbu inakula karibu megabaiti 48, baiti 4 kwa kila pikseli. Ukifungua mbili na nakala zake, memory_limit, kikomo cha kumbukumbu ya skripti, ya 128M inaonekana finyu. Mtego wa pili: GD haibebi data ya EXIF, yaani maelezo ambayo kamera huyaficha ndani ya picha. Ni faida, kwa kuwa mahali picha ilipopigiwa panafutika, lakini alama ya mwelekeo nayo inapotea, na nusu ya waombaji wangu walilala ubavu mpaka nilipoisoma alama hiyo kabla ya kuchora.

Faili nyingi kwa sehemu moja ya fomu? Inawezekana, ila safu inakuja kinyumenyume: majina yote pamoja, ukubwa wote pamoja. Utaigeuza mwenyewe. Na ukisahau enctype ya multipart/form-data kwenye fomu, alama inayoiambia fomu ibebe faili, utapata jina la faili bila faili, kosa ambalo bado nalifanya.

Kwa vyeti na picha sioni sababu ya kuhama. Kwa video ni hadithi nyingine, kwa sababu upakiaji ukikatika kwenye asilimia 90 PHP haina namna ya kuendelea ulipoishia. Tulipoombwa kupokea video za usaili niliandika JavaScript inayoikata faili vipande upande wa kivinjari na kuvituma kimoja kimoja, PHP inaviunga. Kila kipande ni nusu megabaiti, ili hata Nginx isipate la kusema, na php.ini sijaigusa tena.