Tahadhari: Land Rover 109 isiyo na kadi ya usajili na muuzaji wa Kihonda mwenye hadithi ya mchwa

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na sijui ni ipi inayonizidi. Wengi wenu mliniona nikirusha picha za ile Land Rover ya kijani, mkanipongeza, na wengine mkaanza kubishana kama niipake rangi mpya au niiache na makovu yake. Gari lile sinalo tena. Limeegeshwa katika uwanja wa kituo cha polisi likiwa kielelezo, shilingi zangu 8,500,000 hazijulikani zilipo, na aliyenitenda haya bado anauza magari.

Tangazo lilikuwa fupi: Land Rover 109, Series III, injini ya petroli, inatembea, kadi inashughulikiwa, milioni 12. Maneno "kadi inashughulikiwa" niliyaona, wala sitasema kwamba nilifichwa. Niliyapita kama mtu anavyopita kibao cha mbwa mkali kwenye nyumba ambayo hajawahi kusikia mbwa akibweka. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024, kila mwenye bodi la 109, ile Land Rover ndefu, lililoota majani nyuma ya nyumba anajiona amekalia dhahabu, na mimi niliogopa kwamba nikichelewa siku mbili nitaambiwa limeshakwenda. Kesho yake alfajiri nilikuwa ndani ya basi la Morogoro.

Alinipokea mwenyewe kituoni, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, shati limepigwa pasi. "Shikamoo mzee," akasema, akanipokea na mkoba. Tulifika kwenye uwanja mmoja huko Kihonda, na gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe mkubwa ambao shina lake limepakwa chokaa mpaka kiunoni, na tawi moja nene limeinama hadi karibu kugusa boneti. Kabla sijauliza lolote nikaletewa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Hakuzungumzia bei hata kidogo. Alinisubiri nimalize chai, kisha akaenda nyuma ya gari, akarudi na hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono.

Hapo ndipo nilipokwisha, ndugu zangu, na nataka niwaeleze kwa kituo. Aliipitisha hendeli kwenye tundu la bampa, akaitafuta injini kwa kuizungusha taratibu mara mbili kama mtu anayepima uzito wa kitu, kisha akanikabidhi. "Zungusha wewe, mzee, usije ukasema nimekufanyia mazingaombwe." Nilizungusha mara moja. Injini ikakohoa, ikashika, ikatulia kwenye mlio ule ambao nimeubeba kichwani tangu nikiwa mtoto. Moshi ulikuwa mweupe kidogo, kisha ukaisha. Akaniambia niingie ndani, nikaona kirungu cha njano na kile chekundu, vile vya gia za magurudumu manne, vyote viwili vipo mahali pake, nikakanyaga klachi, nikaingiza gia, gari likasogea mita kumi na kusimama. Naona haya kusema kwamba macho yalinilenga machozi. Yeye aliyaona, na nadhani tangu dakika ile alijua kwamba mimi ni wake.

Nilipouliza kadi hakubabaika hata kidogo. Aliingia ndani akatoka na sanduku la bati, akalifungua mbele yangu juu ya mkeka, na kwa kweli lilikuwa na makaratasi yaliyoliwa na mchwa: risiti, barua, ankara za zamani za umeme, mengine yamebaki kama wavu. Alinisimulia kwamba baba yake alikuwa dereva wa shirika moja la umma, kwamba shirika lilipobinafsishwa katika miaka ya 1990 magari yake yalipigwa mnada, kwamba mzee alilinunua hili na kulitunza hadi alipofariki, na kwamba kadi ilikuwa humo sandukuni pamoja na vitu vingine vilivyoliwa. Kisha akatoa picha moja ya rangi iliyofifia: mzee aliyevaa kaunda suti ameegemea Land Rover, mkono juu ya boneti, anacheka. "Huyo ndiye marehemu," akasema, akainama. Mimi nikampa pole. Nilimpa pole mtu aliyekuwa ananiibia!

Nawaomba mnielewe kwa nini niliamini, kwa sababu nimeshasikia minong'ono ya wanaosema kwamba mtu mzima huwezi kununua gari bila kadi. Hadithi ile haikuwa ya ajabu. Sote tuliokua wakati ule tunakumbuka magari ya mashirika ya umma yenye namba za SU, na tunakumbuka mashirika yalivyouzwa na mali zake zikatawanyika. Wapo watu wema kabisa ambao walinunua gari mnadani wakaishia kutunza risiti tu, bila kwenda kubadilisha jina. Ukiutazama mlango wa gari lile jua likiwa limeinama, uliweza kuona chini ya rangi ya kijani duara mahali palipokuwa na nembo ya zamani. Kila alichosema kilikuwa na kitu cha kushika kwa mkono. Isitoshe, alinionyesha losi ripoti ya polisi iliyoandikwa kwamba kadi imepotea, na kiapo chenye mhuri wa wakili, na akaniambia kwamba kwa karatasi hizo mbili TRA, mamlaka ya mapato, watatoa kadi nyingine ndani ya wiki tatu.

Tulipatana milioni 11. Nilijiona mjanja kwa sababu nilikataa kulipa zote: nikampa 8,500,000, na zile 2,500,000 zilizobaki tukaandikiana kwamba zitalipwa siku nitakayokabidhiwa kadi. Nilitembea kutoka pale nikijipongeza kwa busara hiyo. Sasa naelewa kwamba hakuwahi kuzitegemea zile mbili na nusu, na kwamba alinipandishia bei ili nipate cha kubakiza na nijione nimemshika. Nikakodi lori la kulibeba hadi Dar es Salaam, nikanunua springi za mbele na karibureta, na fundi wangu akaanza kazi.

Aliyeligundua tatizo si mimi ninayejiita mjuzi wa magari haya. Ni binti yangu wa darasa la tano. Nilikuwa nimeipiga ile picha ya marehemu kwa simu, nikawa namwonyesha kwa fahari jinsi gari lilivyokuwa zamani. Akaitazama kidogo, akasema, "Baba, mbona hii macho yake yako katikati?" Nikaichukua simu. Taa za gari la kwenye picha zilikuwa ndani, kwenye wavu wa mbele, zimekaribiana kama macho ya bundi. Gari langu ni Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na taa zake ziko juu ya madigadi. Zile za katikati ni za matoleo ya zamani zaidi, kabla taa hazijahamishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Jambo hili nimelieleza mimi mwenyewe kwa watu mara nyingi, nikiwa nimekunja nne. Nilisimama mbele ya mzee wa watu aliyeegemea gari lake mwenyewe, nikaambiwa ni gari hili, nikakubali, kwa sababu nilikuwa natazama uso wa mzee yule na kufikiria uso wa mzee wangu mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda kufanya upekuzi wa namba katika kumbukumbu za usajili. Namba iliyokuwa kwenye losi ripoti ilikuwa ya lori. Nilimpigia kijana, akapokea, akasema ni makosa ya uchapaji na atarekebisha, na hiyo ndiyo mara ya mwisho simu yake kuita.

Kilichofuata ni cha aibu zaidi. Picha nilizozirusha kutafuta vipuri zilifika Iringa, na kijana mmoja wa huko akalitambua gari kwa kovu la welding lililo kwenye mlango wa nyuma. Baada ya siku nne alikuja nyumbani kwangu mama mmoja mjane akiwa na shemeji yake na askari wawili. Hakupiga kelele. Alisalimia, akakaa, akafungua bahasha, akatoa kadi halisi ya gari yenye jina la marehemu mume wake, na fomu namba nne ya mahakama ya mwanzo inayomtaja yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Gari lilikuwa limepelekwa gereji kutengenezwa kabla mume hajaugua, na halikurudi. Mke wangu alimletea maji ya kunywa. Mimi nilishindwa kunyanyua macho.

Nilijaribu kujitetea kwa kibati chenye namba ya chasisi kilichopigwa ribiti kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva, kwa kuwa namba yake ililingana na ile ya kwenye kiapo. Fundi wangu hakusema neno. Aliingia chini ya gari na brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa, akaanza kusugua mkono wa chasisi wa upande wa kulia, pale unaposhika springi ya mbele, ambapo nilikuwa nimefunga springi mpya kwa fedha yangu. Grisi ikatoka, kutu ikatoka, rangi tatu zikatoka moja baada ya nyingine. Kisha tarakimu zikaanza kujitokeza, na yule shemeji akawa anazisoma kwa sauti huku mama akifuatisha kwa kidole kwenye kadi. Zililingana zote. Ribiti za kile kibati, nilipozitazama baadaye, zilikuwa zinang'aa kama sarafu mpya kwenye gari la zaidi ya miaka arobaini.

Wakili niliyemwendea aliniambia kwamba Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa kawaida haimpi mnunuzi haki kubwa kuliko aliyokuwa nayo muuzaji, na kwamba kijana yule hakuwa na haki yoyote ya kunipa. Kwa hiyo gari ni la yule mama, pamoja na springi zangu na karibureta yangu, na sina kinyongo naye hata chembe.

Dalili zilikuwepo, na wanaonicheka wana haki. Losi ripoti ni maelezo ya mtu aliyekwenda kusema kwamba kapoteza kitu. Haisemi kwamba kitu hicho ni chake. Kiapo kilisema "mimi mwenye gari nimepoteza kadi yangu," ilhali mdomoni aliniambia gari ni la marehemu baba yake, na mimi sikuuliza msimamizi wa mirathi ni nani wala ndugu zake wako wapi. Fedha nilizituma kwenye akaunti ya mtu mwingine aliyeitwa "mdogo wangu," ambaye jina lake la ukoo halikufanana na la kwenye kiapo. Nilipomwambia twende pamoja TRA kabla ya kulipa, alikumbuka ghafla msiba wa Mikumi. Mtu mwenye gari kweli na aliyepoteza kadi kweli huchukua nakala yake kwanza, kwa jina lake, ndipo atangaze kuuza. Hata mkaguzi wa magari sikumwita. Basi.

Lakini sitaki tubaki kunijadili mimi. Huyu kijana ni mwizi, na si mwizi wa gari tu. Alimwibia mjane, kisha akachukua picha ya mzee wa watu, ambaye sijui ni nani na huenda ana wajukuu wanaoitafuta picha hiyo mpaka leo, akamfanya chambo. Nimefungua kesi, na nataka ashitakiwe kwa wizi na pia kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, kosa ambalo chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu lina kifungo cha hadi miaka saba, na kwa upande wangu hata saba naona ni likizo. Na wakili aliyegonga mhuri kwenye kiapo bila kuuliza kitambulisho naye atajibu mahali panapohusika. Wapo walionipigia wakinishauri nikubali kurudishiwa nusu tuyamalize kimyakimya. Sikubali. Akirudisha, arudishe akiwa kizimbani.

Nimesita kuandika mpaka leo, na kilichoniondoa woga ni tangazo lililotumwa juzi usiku kwa jina jingine na namba nyingine ya simu. Safari hii ni Peugeot 504 nyeupe, injini inawaka, kadi inashughulikiwa, milioni 9. Gari limeegeshwa chini ya mwembe wenye shina lililopakwa chokaa mpaka kiunoni, na tawi nene limeinama hadi karibu kugusa boneti. Mwenye Peugeot 504 nyeupe aliyeiacha gereji, au anayemjua mtu wa namna hiyo, tafadhali anitafute leo, kabla mtu mwingine hajapanda basi la alfajiri.