Kikapu cha kupikia cha Nanenane: mwaka na zaidi wa nyama ya ng'ombe na mboga

Hiki kikapu nilikinunua Agosti 2024 kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma, kwa kikundi cha akina mama waliokuwa na banda dogo, shilingi 35,000 baada ya kuomba sana wapunguze. Sikutaka kusema chochote mapema maana vitu vya maonyesho vingi vinakuwa vizuri wiki ya kwanza tu halafu vinahamia chini ya kitanda. Sasa nimekitumia karibu kila wiki, mara mbili au tatu, na sehemu kubwa nimepikia nyama ya ng'ombe na viazi na karoti kwa ajili ya chakula cha usiku, kwa hiyo nitasema kilivyo.

Kwa ambaye hajawahi kukiona, ni kikapu kikubwa cha kusuka, ndani kimewekwa kitambaa kilichojazwa vipande vya nguo na sponji, katikati kuna shimo la kukaa sufuria, juu unafunika na mto. Hakina moto, hakina waya, hakichomekwi popote. Unachemsha chakula kwenye jiko lako la kawaida, kikishatokota vizuri unakitumbukiza na sufuria yake kwenye kikapu, unafunika, unaenda zako, joto lililomo humohumo ndo linamalizia kuivisha. Watu wengi bandani walikuwa wanadhani ni cha kutunzia ugali usipoe tu, na kwa kweli kazi hiyo nayo kinafanya, ila ukikitumia kwa hilo peke yake umekionea.

Mimi nilikinunua kwa sababu ya nyama. Nyama ya Dodoma tunaijua, ng'ombe wetu ni hawa wa asili wenye nundu, kiangazi kizima ametembea kutafuta majani na maji, misuli imekaza kweli kweli. Utamu anao, tena mimi naona anamshinda huyu wa kunenepeshwa ndani, lakini anataka muda. Nilikuwa naweka kwenye mkaa saa tisa alasiri Jumapili na saa kumi na mbili bado tunatafuna, na siku za kazi ndo usiseme, nilikuwa nanunua dagaa au mayai basi, nyama tunaisubiri wikiendi. Ile ngozi ngozi nyeupe inayoshikilia nyama ikikaa masaa mengi kwenye joto la nyuzi 70 na kuendelea inayeyuka taratibu inakuwa kama jeli, ndo ule mchuzi unaonata kwenye midomo. Ukiilazimisha kwa moto mkali inajikunja, inakamua maji yake yote, unabaki na kitu kigumu kikavu. Sasa kikapu kinakupa hayo masaa bila kuchoma mkaa.

Kwa hiyo usipoteze hela ya steki. Nilijaribu steki mara mbili, ikatoka kavu, inachambuka kama nyuzi, haina raha, kwa sababu haina hayo ya kuyeyuka. Mwambie muuza bucha akupe muundi, au shingo, au kifua kile chenye mafuta mafuta na mfupa wake, bei inakuwa chini na ndo inayopendeza humu. Papai bichi nililokuwa naweka kulainisha nimeacha kabisa.

Ninavyopika siku ya kazi ni hivi. Usiku nakata nyama kilo moja na nusu vipande vikubwa, napaka chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu kidogo, inalala kwenye friji. Saa 11 na robo asubuhi nawasha gesi, nyama inachemka na maji yake yenyewe mpaka yakauke, namimina mafuta ya alizeti, inabadilika rangi, vitunguu vitatu, nyanya tano zilizosagwa, hapa sina haraka kabisa, nyanya zikaangike mpaka mafuta yapande juu. Kisha karoti nne, viazi sita au saba nimevikata nusu tu, njegere kama zipo sokoni, maji ya moto yafunike. Nafunika sufuria, itokote kwa nguvu dakika 20 nzima, halafu saa 12 na robo inaingia kikapuni bila kufunua. Nasisitiza bila kufunua, hata kuonja chumvi umalize kabla ya hizo dakika 20, maana ukifunua mara moja tu joto la juu lote limeondoka. Na sisi hapa Dodoma tuko juu kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, sio 100, kwa hiyo tunaanza safari tukiwa tayari chini kidogo, hatuna joto la kuchezea.

Kazini ni Mtumba, tunatoka saa tisa na nusu, nikipata daladala vizuri saa kumi na robo niko nyumbani Ipagala. Masaa kumi kamili. Siku ya kwanza nilipofunua nilikuwa na hamu kweli, na harufu ilikuwa nzuri, nyama imelainika, ila nikagusa sufuria nikashtuka. Ilikuwa vuguvugu tu.

Hapo ndo malalamiko yangu makubwa yanapoanza. Mto wa juu waliotupa ulikuwa mwembamba, sponji moja tu ndani ya kitenge, na haukufika pembeni, kwa hiyo joto lilikuwa linatokea kwenye ile nafasi kati ya mto na ukingo. Bandani walituambia chakula kinabaki cha moto mpaka masaa 12, na wao walikuwa wanaonyesha kwa sufuria iliyokaa masaa mawili. Nikaazima kipimajoto cha jikoni kwa rafiki yangu anayeoka keki, nikapima: baada ya masaa manane nyuzi 54. Hii sio ya kupuuza jamani. Chakula chenye nyama kikikaa chini ya nyuzi 60 muda mrefu vijidudu vinazaliana, na mchuzi wenye viazi na nyama ni mahali pazuri sana kwao. Mtu akiambiwa masaa 12 akaamini, akawapa watoto bila kuchemsha upya, anaweza kuwaumiza. Sisemi walidanganya makusudi, nadhani hawakuwahi kupima, lakini unapouza kitu cha kupikia lazima upime.

Nikashona mto mwingine mwenyewe. Nimejaza sufi, ile ya mti, debe zima karibu, mto umekuwa mnene kama wa kulalia na mpana kuliko kikapu chenyewe ili ukikaa ujibane pembeni kote. Chini ya sufuria nimeongeza blanketi la zamani nimelikunja mara nne. Nikapima tena, masaa manane nyuzi 67, masaa kumi nyuzi 62. Yaani kikapu kilekile, tofauti ni mto. Masaa kumi ndo mwisho wangu, sizidishi, na hata hivyo nikifika kabla ya kitu kingine chochote sufuria inarudi kwenye gesi inatokota dakika kumi. Siku nikichelewa, binti yangu akitoka shule anafanya hiyo kazi ya kuchemsha, nimemfundisha.

Hizo dakika kumi zina faida nyingine. Kwenye kikapu maji hayakauki hata tone, ulichoweka ndicho unachokikuta, kwa hiyo mchuzi unatoka mwepesi na mtu aliyezoea mchuzi mzito wa kwetu atasikitika. Mwanzoni nikapunguza maji, ikawa sufuria imefika nusu, joto halikai kabisa, maana kinachotunza joto ni uzito wa chakula chenyewe, sufuria nusu inapoa haraka mno. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kuwa dawa sio kupunguza maji bali ni kuongeza nyama na mboga mpaka sufuria ijae, au kutumia sufuria ndogo. Yangu ni ya lita tano na naijaza vidole viwili kutoka ukingoni. Mwishoni naponda viazi viwili vitatu mlemle ndani, au nakoroga karanga za kusaga vijiko vinne, inatokota, inakuwa nzito safi. Ndipo naweka hoho na kabichi au mchicha, hizo usithubutu kuweka asubuhi, zitatoka za kijivu.

Viazi na karoti ndo vimenishangaza kuliko hata nyama. Kwenye mkaa viazi vilikuwa vinapasuka vinakuwa uji kwa sababu ya kutokota na kugongana, humu vimetulia, vinatoka vizima na viungo vimeingia mpaka katikati. Ila vikate vikubwa. Na kama unapenda nyanya nyingi, ujue uchachu unafanya viazi vikaze, nilizidisha nyanya siku moja na viazi vikabaki na kiini kigumu wakati nyama imeshalegea. Tano kwa sufuria yangu zinatosha.

Mama mkwe alikuja kutoka Mpwapwa mwezi wa 12, yeye maisha yake yote ni mafiga na kuni. Aliingia jikoni saa tisa akauliza, "Mwanangu, leo hatupiki? Mbona jikoni kuko baridi?" Nikamwambia mama chakula kipo kwenye kikapu. Hakusema kitu. Jioni nikapakua na ugali wa uwele na mlenda pembeni, akachukua mfupa, nyama ikabaki mkononi mfupa ukaanguka kwenye sahani. Akala kwanza akamaliza. Baadaye akasema, "Imeiva hii. Moshi tu ndo sijausikia." Na ni kweli, ile ladha ya moshi huipati humu, na mimi mwenyewe kuna siku naitamani, hilo siwezi kukitetea kikapu. Lakini yeye macho yanamsumbua kwa miaka ya kukaa na moshi, na kabla hajaondoka alitaka kujua mto ule nimeushona vipi.

Kwenye gesi nimeona tofauti kubwa. Mtungi wangu wa kilo 6 ulikuwa unaisha wiki tatu, sasa unagonga wiki tano, na mkaa sijanunua gunia tangu Februari. Tunasikia kila siku habari za nishati safi, ule mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mimi naona vitu kama hivi vingezungumzwa zaidi, kwa sababu mtu analalamika gesi ghali na ana haki, lakini akiwasha kama saa moja badala ya masaa matatu hesabu inabadilika kabisa. Hata mwenye jiko la mkaa atafaidi.

Jirani yangu ana presha kuka ya umeme na tumebishana sana kuhusu hili. Nyama yake inaiva chini ya saa moja, haili hata uniti moja ya LUKU, kwa hiyo kwa gharama na haraka yuko vizuri, siwezi kukataa, mwenye nayo tayari na umeme wa uhakika asijisumbue kununua kikapu kwa ajili ya nyama. Ila bei yake ni mara kadhaa ya kikapu, umeme ukikatika katikati umekwama, na viazi kwenye presha huwezi kuweka pamoja na nyama ngumu vikatoka vizima. Mimi naondoka asubuhi nyumba nzima hakuna kitu kinachowaka, roho imetulia.

Kama utapikia maharage, yaloweke usiku kucha kisha yatokote kwa nguvu sio chini ya dakika 10 kabla ya kuingia kikapuni, hasa mekundu, yana sumu ambayo joto dogo halimalizi. Hilo nalo hawakutuambia bandani.

Mengine madogo: kitambaa cha ndani hakitoki, kimeshonewa moja kwa moja, mchuzi ukimwagika unafua kikapu kizima na kukianika siku mbili, na kwa vumbi la hapa kwetu kuanzia Julai inabidi kuanika ndani. Waweke zipu tu, haiwezi kuwa gharama kubwa. Sasa hivi natandika kanga chini ya sufuria ndo inayochafuka. Na sufuria yenye mpini mrefu haiingii, nenda na yako siku ya kununua uijaribu palepale, ikae imebana, isicheze.

Kikapu chenyewe kusukwa kimesukwa vizuri sana, hakijalegea popote, hiyo kazi ya mikono niiheshimu. Kwa 35,000 ningenunua tena, nikijua kuwa nitatumia kama 8,000 nyingine kwa sufi na kitambaa. Cha mama mkwe nimeshaagiza kwa kikundi kilekile, nimewaambia wasinipe mto wao, wanipunguzie bei nitashona mwenyewe, wamekubali, na mmoja wao ameniomba nimpelekee vipimo vya wangu.