Laxton, Nottinghamshire: makonde yanayogawanywa kwa ngwe hadi leo

Anayefika Laxton, kijiji cha Uingereza, akitarajia makumbusho yenye tiketi, mwongozaji na duka la zawadi atadhani amepotea njia. Kituo cha wageni ni chumba kidogo kando ya baa ya Dovecote Inn. Kuingia ni bure, hakuna mhudumu, na mabango yake humalizika kusomwa kabla chai haijapoa. Kinachotazamwa hapa hakimo chumbani. Ni makonde matatu yanayokizunguka kijiji, West Field, Mill Field na South Field, ambayo bado yanalimwa kwa utaratibu wa zama za kati: konde kubwa lisilo na uzio ndani yake, limekatwa ngwe, yaani vipande virefu vyembamba, na mkulima mmoja ana ngwe zake huku na huko, zikipakana na za wenzake.

Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa hivi. Kisha, hasa kati ya 1750 na 1830, sheria za bunge zilivunja makonde ya namna hii kijiji baada ya kijiji. Kila mmiliki akakusanyiwa ardhi yake mahali pamoja na kuizungushia ua. Laxton ilinusurika. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba wamiliki wawili wakubwa wa ardhi hawakuweza kuafikiana namna ya kubadilishana vipande vyao. Mwaka 1952 serikali iliinunua ardhi hiyo kupitia wizara ya kilimo ili utaratibu usife, mwaka 1981 ikapita kwa Crown Estate, shirika linalosimamia mali za Taji, na mwaka 2020 ikauzwa kwa Thoresby Estate, mali ya ukoo ambao mababu zake ndio walioimiliki kabla ya 1952.

Kabla ya safari, tafuta picha ya ramani ya Laxton ya mwaka 1635. Ramani yenyewe iko Oxford, katika Bodleian Library, maktaba ya chuo kikuu. Ilichorwa na mpima ardhi Mark Pierce, na inaonyesha kila ngwe ya kila konde, pamoja na daftari la nani analima ipi. Katikati ya mistari hiyo amechora watu wakilima, wakivuna na kuwinda. Asiyeiona ramani hii atatembea Laxton akiona shamba la ngano tu. Aliyeiona atashangaa jinsi umbo la kijiji lilivyobaki vilevile.

Njia nzuri ni kuanzia barabara ya kijiji, wala si makonde. Tazama nyumba za wakulima: nyingi zimesimama kando ya barabara, zikiipa ubavu, na nyuma yake kuna ua mwembamba mrefu. Mgeni huona ni mtindo tu wa ujenzi, kumbe ndiyo alama ya kwanza ya makonde ya pamoja. Mkulima ambaye ngwe zake zimetawanyika pande zote hana sababu ya kujenga shambani. Mahali palipo karibu na ngwe zote ni kijijini. Katika vijiji ambako makonde yalizungushiwa ua, wakulima walihama wakajenga katikati ya mashamba yao mapya. Hapa walibaki.

Makondeni, jambo linalohitaji jicho la karibu ni ardhi yenyewe. Mahali ambapo konde la zamani liligeuka malisho, utaona mawimbi: tuta pana, bonde, tuta, bonde. Si maji yaliyofanya hivyo. Plau ya zamani ilitupa udongo upande wa kulia peke yake. Mkulima aliizunguka ngwe yake toka katikati kwenda nje, hivyo kila msimu udongo ulisogezwa kuelekea katikati, na baada ya karne kadhaa tuta likainuka. Mabonde yakawa mifereji ya maji, jambo lenye faida kubwa katika udongo mzito wa mfinyanzi kama wa Laxton. Tazama pia kama tuta limenyooka au limepinda mwishoni kama herufi S iliyogeuzwa. Jozi kadhaa za maksai haziwezi kugeuka ghafla, kwa hiyo dereva alianza kuwakunja kabla ya kufika mwisho, na mkunjo huo ukabaki ardhini. Hata urefu una maana: ngwe ya kawaida ilikuwa na urefu wa yadi 220, kama mita 200, umbali ambao maksai waliweza kuvuta kabla ya kupumzishwa. Ngwe zinazolimwa leo ni pana zaidi, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 nyingi ziliunganishwa. Usijaribu kuzilinganisha moja kwa moja na za ramani.

Mzunguko wa mazao ni wa miaka mitatu. Konde moja lina ngano ya majira ya baridi, la pili lina zao la masika (majira yanayofuata baridi) kama shayiri au maharage, la tatu hupumzishwa au hupandwa malisho. Mwaka unaofuata zamu inasonga. Hapo ndipo ugumu wa utaratibu unapoonekana: jirani akichelewa, au akilima hatua mbili kuingia njia, hasara ni ya wote, maana hakuna ua wa kumzuia.

Kazi ya ua hufanywa na baraza. Mwishoni mwa Novemba, baada ya ngano kupandwa, wazee 12 na kiongozi wao hulizunguka konde la ngano. Wanakagua mipaka, njia na mitaro, na kupigilia vigingi vya mbao mahali mpaka unapostahili kuwa. Aliyelima kupita kiasi au kuacha mtaro wake uzibe huandikwa. Wiki inayofuata baraza liitwalo Court Leet, mahakama ya jadi ya kijiji, hukutana Dovecote Inn, linapokea taarifa hiyo, linatoza faini na kuapisha wazee wa konde litakalokaguliwa mwaka ujao. Mwaka 1977 sheria iliziondolea mahakama za namna hii mamlaka karibu nchi nzima, lakini ya Laxton iliachiwa. Kwa hiyo kigingi kipya utakachokiona kando ya njia si pambo la watalii. Usikiguse, na usikikalie kufunga viatu.

Usipite bila kutazama vipande vya nyasi kati ya ngwe, ambavyo wenyeji huviita sykes. Ni sehemu zenye mteremko au unyevu ambazo plau haikuweza kuingia, na kwa kuwa hazijawahi kulimwa zina maua ya mbugani ambayo yametoweka mahali pengi. Haki ya kukata nyasi zake huuzwa kila mwaka kwa mnada. Binafsi ningeziweka mbele ya ngome kwa uzuri, ingawa ngome nayo inafaa: kilima cha udongo kaskazini ya kanisa, kilichojengwa enzi za Wanormani, mojawapo ya vilivyohifadhika vizuri zaidi Nottinghamshire. Kanisa la St Michael lina sanamu za makaburi za ukoo wa Everingham, mojawapo ya mbao, jambo adimu sana.

Majira ndiyo hufanya au kuharibu safari. Kosa la wengi ni kuja Julai, wakati konde zima la ngano limekuwa rangi moja na mpaka kati ya ngwe na ngwe hauonekani. Njoo Novemba au mwanzoni mwa masika, asubuhi au alasiri, jua likiwa chini. Kivuli ndicho kinachochora matuta. Ukija kiangazi, nenda konde la zao la masika, ambako mkulima mmoja akipanda shayiri na jirani yake maharage, mpaka hujionyesha wenyewe. Vaa buti za mpira, kwani udongo huu ukilowa hushika kiatu na kukivua. Tembea kwenye njia za umma tu, mbwa afungwe kamba, wala usikate kona kupitia miche ya ngano. Mwezi wa Novemba inafanana na nyasi, na wengi huikanyaga bila kujua.

Upungufu wa kituo ni kwamba kinataja majina kuliko kueleza sababu. Asiyewahi kushika jembe anaweza kutoka akijua kuna makonde matatu, asijue kwa nini matatu na si mawili. Mtu wa kuuliza hayupo. Bora usome kidogo nyumbani, kisha utumie chumba hicho kujikumbusha na kupanga njia.

Kwa usafiri, treni za moja kwa moja kutoka King's Cross, London, husimama Newark Northgate. Toka hapo panga teksi mapema, au njoo na gari kwa barabara ya A1 na kukatia karibu na Tuxford. Piga simu baa kabla ya kutoka nyumbani ujue saa za jikoni, na siku ya ukaguzi usitegemee meza: chumba huwa cha wazee wa baraza, wenye matope hadi magotini.